Rangi Ishirini na Tatu za Nyumba ya Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dada Sikuzani kaondoka leo kurudi kwake Zinga, baada ya kula Idi na sisi. Kabla hajapanda bodaboda kaniita pembeni. Nikajua nimekosea jambo. Kumbe sivyo. Anataka picha!

Miaka ishirini nachora hapa Dunda, Bagamoyo, dada yangu hajawahi kuniomba hata kibao cha "Karibuni". Leo kaomba. Anataka nimchoree nyumba ya marehemu mama, ile ya Zinga iliyoanguka mwaka wa mvua kubwa. Ukuta, mlango, mkwaju wa mbele. Basi.

Kisha kanieleza sababu. Daktari wa Dar kamwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linafunga taratibu, kama mtu anayevuta pazia. Lililokwenda halirudi; dawa ni za kuchelewesha tu. Anataka aione nyumba ya mama mara moja kabla pazia halijafika mwisho.

Nililia? Sikulia. Nilisema inshallah kwa sauti kubwa mno, hata mwenye bodaboda akageuka.

Akasema jambo moja la mwisho: "Azizi, usiweke rangi nyingi."

Masikini dada yangu. Mpaka leo ananihurumia. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na saba. Ndiye aliyenilea. Alikuwa anakula ukoko akisema anaupenda, ili wali niupate mimi. Sasa hataki niingie gharama ya rangi.

Nitamwonyesha. Nitaweka rangi zote.

Jumanne, 10 Juni

Nimehesabu makopo. Rangi tisa, na mbili kati ya hizo zimeganda kama ugali wa jana. Hazitoshi. Mama hakuwa mtu wa rangi tisa.

Wa kumkwepa katika kazi hii ni Mikdad. Tunagawana baraza moja, yeye upande wa kivuli, mimi upande wa jua. Si kwamba kivuli ni chake. Anawahi kufika, basi. Kila siku anawahi kufika. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na anachora kwa rangi tatu. Tatu! Kila picha anachagua tatu, anazifungua, na zilizobaki hazigusi hata ukimwambia nyumba inaungua. Wageni wanasimama kwake nusu saa. Kwangu wanauliza choo kiko wapi.

Nikamwambia, kwa kupita tu, kwamba nimepata kazi kubwa ya rangi ishirini na kitu. Akauliza itatundikwa wapi, penye mwanga au gizani, na nani ataitazama. Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya mteja. Akasema sawa kaka, akaendelea kuchora jahazi lake la rangi tatu.

Maswali gani hayo? Picha inatazamwa na wenye macho!

(Nimeyaandika haya kabla ya kufikiri. Sikuyafuta. Yakae hapo yaniadhibu.)

Jumatano, 11 Juni

Leo ni mipango. Ukuta peke yake unataka rangi sita, kwa sababu asubuhi ulikuwa maji ya kunde, mchana hudhurungi, na jioni kama ugoro. Mkwaju, kijani nne. Anga tatu. Kivuli mbili. Mlango ulikuwa wa buluu, lakini chini ulipauka, mahali mbuzi walipokuwa wanajikuna. Kwa hiyo buluu mbili. Kizingiti moja. Jumla kumi na nane.

Kumi na nane sikuipenda. Ni idadi ya mtu aliyeishiwa. Nikatafuta pa kuongezea mpaka nikafika ishirini na tatu. Nyingine hazimo dukani, lazima nizichanganye mwenyewe.

Ile njano ya udongo wa ukutani, chini ya dirisha, ilinishinda kabisa. Nikachukua binzari ya Arafa, mke wangu, nikaichanganya na vanishi. Ikatoka yenyewe! Arafa kagundua mchana alipotaka kupika mchuzi. Hakupiga kelele. Kauliza tu kama marehemu mama mkwe alijenga nyumba kwa binzari. Mchuzi wa leo mweupe. Tumeula hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Dada kapiga simu. Kauliza picha imefikia wapi. Nikamwambia niko ukutani, rangi ya kumi na moja. Halafu akasema leo asubuhi kamimina chai pembeni ya kikombe, akalowesha mkeka mzima. Akacheka. Nikacheka na mimi.

Simu ilipokatika sikucheka tena.

Ningekuwa na akili ningechukua ubao ule ule, ulipofikia, nikaondoka nao saa ile ile. Ukuta ulikuwepo. Mlango ulikuwepo. Lakini mkwaju ulikuwa na kijani mbili tu, na mtu huwezi kumpelekea dada yako mkwaju wa kijani mbili.

Nimerudi kwenye kazi. Kumi na mbili.

Jumanne, 17 Juni

Imekwisha! Ishirini na tatu, kamili, hakuna hata moja iliyorudiwa. Nimeiweka barazani asubuhi makusudi ili Mikdad aione. Kaitazama muda mrefu. Kasema, "Umehangaika, kaka." Nimeichukua kama sifa.

Sikungoja ikauke. Nilishachelewa. Nikapanda bodaboda, nimeikumbatia mbele kama ngao, rangi ikiwa imetazama upepo. Kosa. Tulipoiacha lami kuingia kwa dada, vumbi lote la Zinga likakaa juu ya picha. Na nyuki mmoja. Rangi ya ishirini na nne, bila kuitaka.

Dada alikuwa kwenye mkeka uani. Shikamoo, marahaba, hujambo, watoto hawajambo. Adila, binti yake, kaishika picha. Dada kaisogelea. Kaisogelea tena, pua ikakaribia kugusa ubao. Kageuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje.

"Nzuri sana, Azizi," kasema. "Umefanya kazi."

Nikaanza kumtajia rangi, moja baada ya moja. Nilipofika ya kumi na nne Adila kanikanyaga mguu. Dada akanyoosha mkono, akauliza polepole, "Mlango uko wapi?"

Mkono ulikuwa juu ya mkwaju.

Nikauchukua nikauweka mlangoni. Rangi ilikuwa bado mbichi, kidole chake kikatoka na buluu. Akakitazama, hakuona kitu, akakifuta kwenye kanga. Akasema ahsante, Mungu akubariki.

Nimeirudisha picha Dunda. Nimesema naenda kuikausha.

Jumatano, 18 Juni

Nimeamka mzito. Arafa kanikumbusha kwamba dada aliniambia nisiweke rangi nyingi. Nikamweleza kwamba dada alikuwa ananihurumia.

"Hakuwa anakuhurumia," Arafa kasema. "Alikuwa anakuelekeza."

Akaenda zake kufua. Mimi nimebaki na maneno hayo kutwa. Nimeyageuza huku na huku nikitafuta pa kuyashikia, kila upande yanachoma. Miaka yote hii mke wangu anasema kidogo, na mimi nasikia kidogo zaidi.

Baada ya alasiri nikapata jibu. Tatizo si wingi wa rangi. Tatizo ni kwamba hazikuwa kali! Nikaongeza nane. Chungwa, waridi, zambarau, dhahabu ya kupulizia, na nyingine nne.

Sasa ni thelathini na moja. Hata mimi siuoni mlango.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesali Ijumaa nikiwa na nia mbaya kichwani. Mola anisamehe.

Mpango wenyewe: Mikdad aichore nyumba, mimi niipeleke kama yangu. Nani atajua? Dada haoni vizuri. Nimeliandika hilo bila aibu, na sasa nalisoma kwa aibu.

Nikamfuata Mikdad barazani nikamwambia kuna mteja wa Vigwaza, mzee mwenye haraka, anataka nyumba ya udongo yenye mlango na mkwaju mbele, na mimi kazi zimenizidi. Kazi zimenizidi! Nimekaa juani siku nne bila mtu kusimama.

Mikdad hakucheka. Akatazama ule ubao wangu wa rangi thelathini na moja, ulioegemea ukuta nyuma yangu. Nyumba. Mlango. Mkwaju. Akatazama miguu yangu. Kisha akasema ataifanya, na malipo hataki, kwa kuwa mteja wangu ni kama mteja wake.

Nikamshukuru. Moyoni nikasema kijana huyu mjinga, atakufa maskini.

Jumamosi, 21 Juni

Mikdad hakufika leo. Kutwa nzima! Nimekaa kivulini. Kuna upepo upande ule, sikujua. Kuna na msumari mzuri wa kutundikia mfuko. Nimelala kidogo.

Nilipita nyumbani mchana. Arafa kauliza mbona nina furaha. Nikasema Mikdad kazembea. Akanitazama kama anayetaka kusema neno, akasema chakula kimepoa.

Jumatatu, 23 Juni

Mikdad kaleta ubao umefungwa kwenye gazeti. Kaniachia, kaenda kunywa kahawa. Nikafungua.

Nyeusi, nyeupe na njano. Basi! Ukuta mweupe mkubwa. Nyuma yake weusi mtupu. Shina la mkwaju jeusi, limekatiza mbele ya ukuta. Mlango wa njano. Hakuna kivuli, hakuna kupauka, hakuna mbuzi. Mlango wenyewe si wa njano! Nimekasirika mpaka masikio yakawaka.

Nikaupeleka mwisho wa uchochoro nikauegemeza ukutani, nikarudi, nikageuka kuutazama kwa mbali nipate makosa mengine.

Mlango ukaniita.

Sijui niliandikeje. Nilikuwa na miaka minane, natoka chuo cha Kurani na juzuu kwapani, jua kali, na mbele yangu pale ni nyumbani. Nilisimama mpaka mama mmoja mwenye ndoo akaniomba nimpishe.

Haikuwa na jina. Mikdad hakuandika lake. Nimelichukulia hilo kama ruhusa. Nimeandika langu, dogo, pembeni chini, kwa kahawia. Kwa hiyo sasa ni rangi nne. Nne ni kubwa kuliko tatu.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda Zinga. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba ilikuwa vingine.

Dada alikuwa pale pale kwenye mkeka. Juma lililopita alinitambua nikiwa bado njiani. Leo nilifika mbele yake na hakugeuka mpaka niliposema shikamoo. Wiki moja.

Adila kauegemeza ubao ukutani, juani. Dada hakusogea. Hakugeuza kichwa. Kutoka pale pale alipokaa akainua mkono, akaelekeza kidole.

"Mlango," kasema.

Kisha, "Na mkwaju ule." Kisha kaonyesha ule weupe kando ya mlango, pasipo na kitu, akasema hapo ndipo mama alipokuwa anakaa kupepeta mchele. Machozi yakamtoka kutoka macho yote mawili, lile linaloona na lile lisiloona. Mimi pia nikalia, nami nina sauti mbaya ya kulia, kuku wakakimbia.

Ningenyamaza hapo ningeondoka mtu. Lakini sikuweza. Nikasema, "Lakini dada, mlango ulikuwa wa buluu."

"Najua ulikuwa wa buluu, Azizi. Niliupaka mimi na baba. Lakini huu ndio ninaouona."

Halafu, kwa sauti ile ile, bila kubadilisha uso, akasema nimpe Mikdad salamu zake.

Kumbe Mikdad alikuja kwake Jumamosi. Arafa ndiye aliyemwelekeza nyumba. Alikuja na karatasi kazipaka rangi, kila karatasi rangi yake, akakaa naye tangu asubuhi mpaka alasiri. Akawa anamshikia moja moja mbele ya jicho, karibu, mbali, juani, kivulini. Hii unaiona, mama? Na hii? Na hii pembeni ya ile? Zikabaki tatu. Akamwuliza pia habari za mama yetu. Mimi mwenyewe sijawahi kumwuliza dada habari za mama, kwa sababu nilidhani nazijua.

Nikatazama chini, kwenye ile kona ya kahawia. Adila naye alikuwa anaitazama.

"Adila kaniambia hapo chini kuna jina lako," dada kasema. "Mimi silioni. Basi halinisumbui."

Hakukasirika. Ndilo linaloniuma. Angenipiga kofi kama zamani ningepona.

Adila kanisindikiza mpaka barabarani. Nikamwuliza, kwa kujitia mjuzi, kama Mikdad alijaribu buluu. Kasema alijaribu. Mama yake aliiona nyeusi. Wiki ya Idi bado alikuwa anaiona buluu, kasema. Alikuwa anaiona vizuri kabisa.

Wiki ya Idi mimi nilikuwa naiba binzari.

Alhamisi, 26 Juni

Nimetoka nyumbani nimeshakata shauri kumwomba Mikdad radhi. Nimeyapanga maneno njiani. Kaka nimekosa, nilikudanganya, niliandika jina langu kwenye kazi yako. Maneno mafupi. Nimenunua na kashata.

Nimefika, yuko kivulini. Nimempa kashata. Kashukuru. Nikamwambia picha imefika kwa mzee wa Vigwaza na kaipenda.

Sijui kwa nini nilisema hivyo! Mdomo ulifunguka ukasema wenyewe.

Mikdad katafuna kashata yake. "Alhamdulillahi," kasema. "Na da' Sikuzani hajambo?"

Nikasema hajambo, anakusalimu. Tukakaa. Huo ndio ulikuwa wakati wenyewe, umefunguliwa mbele yangu, kilichotakiwa ni mimi kuingia. Nikamwambia ile njano imezidi kidogo.

Kasema atazingatia.

Jumamosi, 28 Juni

Dada kapiga simu jana asubuhi. Picha kaitundika mkabala na kitanda, ndicho kitu cha kwanza anachoona akiamka. Anataka nyingine! Safari hii anataka kisima cha nyuma, tulipokuwa tunateka maji mimi na yeye. Na anataka nichore mimi, kwa mkono wangu. Hivyo hivyo alivyosema: kwa mkono wako, mdogo wangu. Ila kwanza niende Zinga, nikae naye, nimshikie rangi mbele ya jicho moja moja, kwa sababu anazoziona wiki hii si za wiki iliyopita. Kasema niende upesi.

Nikasema inshallah. Nikakata simu nikiwa mtu mpya.

Nimefikiri sana. Nimejuta, na majuto yamenifundisha, sikatai. Kosa langu lote lilikuwa idadi. Ishirini na tatu ni nyingi, thelathini na moja ni wazimu. Mikdad kashinda kwa tatu. Basi mimi nitatumia mbili! Hakuna mtu Bagamoyo hii aliyewahi kuchora kwa mbili. Nimeshazichagua: kijani cha kichakani na damu ya mzee. Zote nzito, zenye heshima. Kwenda Zinga kushikashika karatasi ni kupoteza siku nzima, na siku zenyewe ndizo hatuna. Tena nataka iwe ya kumshtukiza.

Nimeanza leo. Kisima kinapendeza.

Adhuhuri Mikdad kageuka kauliza kama nimeshakwenda kumwuliza dada anaona rangi gani sasa. Nikamwambia nilikwenda jana, nikashinda huko mpaka magharibi.

Jana kutwa nzima nilikuwa nimekaa naye baraza moja.